Taa za mbele zimekuwa za njano

Swali: Taa za mbele za Toyota yangu zimefifia na kuwa njano, usiku sioni barabara vizuri. Nimeambiwa nizisugue kwa dawa ya meno. Inafaa?
Msomaji, Tanga

Jibu: Itang'arisha kwa muda mfupi tu, kisha njano itarudi. Kioo cha taa hiyo si kioo, ni plastiki ya polikaboneti iliyopakwa ngozi ngumu kiwandani. Jua linapoila ngozi hiyo, plastiki inabaki uchi na kuungua.

Kwanza chunguza ukungu uko wapi. Ukiwa ndani, maji yameingia na kusugua nje hakusaidii kitu. Plastiki ikiwa na ufa, badilisha taa.

Ukungu ukiwa nje, zungushia karatasi ya gundi kulinda rangi ya bodi. Sugua kwa msasa wa maji namba 800 mpaka njano yote iishe, halafu 1500, kisha 2000, ukilowesha muda wote. Usiogope taa ikiwa nyeupe kama maziwa: ipige polishi, itarudi kung'aa. Mafundi wengi huishia hapo, na ndiyo maana mteja hurudi akilalamika. Osha, kausha kabisa, kisha siku hiyohiyo pulizia klia, yaani vanishi angavu, inayozuia miale ya jua. Bila klia umeifupishia taa maisha.

Petroli, thina na dawa ya kufukuza mbu viweke mbali: vinaila polikaboneti. Ukipata kivuli, egesha gari humo.