Mwandishi na Mwongozaji: Kikao cha Kwanza

Mwanachuo anayefundisha uigizaji katika Darasa la Sita hukuta jambo ambalo watengenezaji wa filamu wamelijua siku nyingi: aghalabu kazi huharibika kabla haijaanza. Mwandishi anayo hadithi. Mwongozaji anazo picha kichwani. Wasipokubaliana mapema wanamfuata nani, kila mmoja hutoka kikaoni na mchezo wake.

Tuitazame filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Msingi wake ni riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999. Riwaya ina nafasi ya kuzungukazunguka. Filamu ya saa moja na nusu hivi haina. Ilibidi ishikamane na Yasmin na Denge, katika Unguja ya miaka ya 1950. Uamuzi wa namna hiyo haungojei siku ya kupiga picha.

Nikikagua mazoezi ya kufundisha huko Mabwerebwere, nilikuta watoto wakitunga mchezo juu ya mafuriko yaliyoipata Kilosa mwishoni mwa 2009. Msichana aliyeandika alitaka habari za bibi aliyekataa kuiacha nyumba yake. Mvulana aliyeteuliwa kuongoza alikuwa akigawa nguo na kutafuta mabati ya kupigwa yawe ngurumo. Vipindi viwili vilipita hivyo. Katika kipindi cha tatu msichana alikunja daftari lake, akanyamaza. Kimya kile kilinishtua kuliko kelele za mabati. Kosa lilikuwa letu watu wazima: hatukuwapa swali.

Tukaanza upya. Ubaoni tuliandika: Nani anataka nini, na kitu gani kinamzuia? Wawili hao walipewa dakika 20 walijibu kwa sentensi moja. Nguo na mabati havikuruhusiwa kutajwa. Mwongozaji aliruhusiwa kuuliza, asiamrishe. Mwandishi naye alitakiwa kueleza kitakachoonekana kwa macho. (Sharti hili la pili ndilo gumu, hata kwa wanachuo.)

"Watu watajuaje kwamba bibi hataki kuondoka?" aliuliza mvulana.

Msichana alifikiri. "Maji yanaingia ndani, naye anafagia."

Sentensi yao ilibaki ubaoni juma zima, na kila wazo jipya lilipimwa kwayo. Siku ya maonyesho bati lilipigwa mara moja tu, bibi alipoweka ufagio chini.