Kupima Sukari kwa Mate: Usitupe Sindano Bado

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini huweza kujitoboa kidole mara nne au zaidi kwa siku. Si ajabu basi kwamba habari za kipimo cha mate zinawavutia wengi, wauzaji wa mtandaoni wakiwamo.

Vibanzi vya kupimia tunavyonunua duka la dawa vina kimeng'enya, mara nyingi glukosi oksidasi. Kikikutana na sukari iliyomo kwenye tone la damu, hutokea umeme mdogo ambao mashine huusoma na kuugeuza namba. Kihisi cha aina hii kilielezwa na Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962, na hadi leo njia hiyo inaaminika. Tatizo ni kwamba kimeng'enya ni protini, nayo huharibika kwa joto na unyevu. Ndiyo maana vichupa vingi huandikwa visiwekwe penye joto linalozidi nyuzi 30, sharti gumu kwa anayeishi Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Hapo ndipo watafiti wanapojaribu kukiondoa kimeng'enya na kuweka metali: nikeli, shaba, dhahabu, platinamu au oksidi zake, zikiwa katika chembe za kipimo cha nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Udogo huo una faida. Sukari huchakatwa kwenye uso wa metali, na gramu ileile ikigawanywa kuwa chembe ndogo sana, uso wake huongezeka mno. Nikeli, kwa mfano, ikiwa kwenye alkali na kupitishiwa umeme, huinyang'anya glukosi elektroni. Mkondo unaozaliwa hapo ndio unaopimwa. Joto la chumba haliiharibu nikeli kama linavyoharibu protini.

Ugumu uko kwenye mate yenyewe. Kabla ya kula, damu ya mtu mwenye afya huwa na takriban milimoli 3.9 hadi 5.6 za sukari kwa lita. Mate yana kiasi kilicho chini ya hapo mara makumi kadhaa. Tena nikeli na shaba hufanya kazi vizuri penye alkali kali, ilhali mate hayako mbali na maji kwa kipimo cha asidi. Dhahabu na platinamu nazo husumbuliwa na kloridi, ambayo mate hayaikosi. Metali pia haichagui kama kimeng'enya: vitamini C, asidi ya yuriki na hata sukari za aina nyingine huweza kuleta mkondo. Ugali ukitafunwa huanza kugeuka sukari mdomoni, na fizi inayovuja huingiza damu. Kwa hiyo matokeo mazuri ya maabara, ambako sampuli huongezwa alkali kwanza, hayatoshi kuthibitisha kwamba kifaa kitafaa nyumbani.

Hata kihisi kikisoma sawasawa, uwiano wa sukari ya mate na ya damu hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kikwazo kikubwa kuliko vyote, maana hakiondolewi kwa kuboresha metali.

Ukiuziwa kifaa cha mate, uliza kimeidhinishwa na mamlaka gani ya dawa na vifaa tiba, na kililinganishwa na damu ya wagonjwa au na maji ya sukari tu. Februari 2024 mamlaka ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu saa na pete zinazodaiwa kupima sukari bila kutoboa ngozi. Haikuwa imeidhinisha hata moja. Tahadhari hiyohiyo inafaa hapa.

Kwa sasa nawa mikono kwa sabuni na ukaushe, maana mabaki ya embe vidoleni hupandisha namba, kisha toboa pembeni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni machache. Funga kichupa cha vibanzi mara tu unapotoa kimoja. Usipange dozi ya insulini kwa kipimo cha mate. Ukitetemeka na kutokwa jasho jembamba, pima damu. Ikiwa chini ya 3.9, au huna cha kupimia, kunywa kitu chenye sukari mara moja, kisha pima tena baada ya dakika 15.