KUMEKUCHA, NA ESAU BADO ANAKUJA

Somo: Mwanzo 32:13–32, 33:1–4

Leo nataka tukae na neno moja: kucha. Tukitoka kesha huwa tunasema, "Tumeomba usiku kucha." Maana yake ni usiku mpaka kuche, yaani mpaka kupambazuke. Mwenzake ni kutwa, mpaka jua litue. Ndiyo maana shule ambayo mtoto anarudi nyumbani jioni tunaiita shule ya kutwa. Kwa hivyo hata urefu wa usiku tunaupima kwa asubuhi yake. Ukisema "usiku kucha," tayari umekiri kwamba kutakucha.

Sasa twende kwa Yakobo. Alishindana mweleka mpaka alfajiri, akabarikiwa, akapewa jina jipya, Israeli. Jua likamchomozea pale Penueli. Lakini angalia vizuri: alikuwa anachechemea. Na alipoinua macho, Esau huyo anakuja na watu 400, walewale waliomnyima amani.

Hapa ndipo wengi wetu huvunjika moyo. Unatoka kesha saa kumi na mbili asubuhi, unafika nyumbani, kodi bado haijalipwa, mgonjwa bado yuko kitandani. Unauliza, "Mungu, kwangu kutakucha lini?"

Mpendwa, kumekucha. Kukipambazuka, deni halifutiki. Ila sasa unaona pa kukanyaga. Jana yake Yakobo alitanguliza zawadi, akavusha jamaa yake mtoni, yeye akabaki nyuma. Asubuhi alipita mbele yao wote, akainama mara saba, akamkabili nduguye. Esau akakimbia kumkumbatia, wakalia wote wawili. Esau alikuwa njiani tangu jana. Aliyebadilika mahali pa kusimama ni Yakobo.

Mimi naamini majibu mengi ya kesha yako hapo: Mungu anakupa nguvu ya kupita mbele, hata kama unachechemea.

Wiki hii, kukicha, kabla hujashika simu, omba hivi: "Bwana, nionyeshe Esau wangu, na unitangulie." Kisha fanya jambo moja siku hiyohiyo. Mwone mwenye nyumba, mwambie ukweli. Mpigie ndugu mliyenyamaziana. Usingoje kesha nyingine.

Mungu awabariki.