Nafasi ya Lugha ya Hojaji katika Takwimu za Kutokwa na Mkojo Bila Hiari: Mfano wa Kibera na Kawangware

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba, katika utafiti wa maradhi yanayoonewa aibu, usahihi wa takwimu hutegemea uteuzi wa maneno.

Kutokwa na mkojo bila hiari huhusishwa na umri, uzazi, unene wa kupindukia, kisukari na kikohozi sugu. Kibera na Kawangware, wanawake wengi hununua maji na kuyabeba kwa mitungi ya lita 20, yaani kilo 20. Mtafiti ana sababu ya kuuliza: je, ubebaji huo nao ni kihatarishi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Kati ya wanawake 100 wenye tatizo, 60 hubeba mitungi kila siku. Kati ya 100 wasio nalo, 40 hubeba. Uwiano wa uwezekano, kipimo alichokitumia Jerome Cornfield mwaka 1951 katika utafiti wa saratani, ni (60 × 60) ÷ (40 × 40) = 2.25. Aidha, kwa kuwa huenda wabebaji ndio pia waliozaa mara nyingi, regresheni ya lojistiki hutumika kutenganisha athari ya kila sababu.

Hata hivyo, hesabu yote imesimama juu ya swali moja. Mwanamke akiulizwa, "Je, wewe hujikojolea?" atasikia mwangwi wa "kikojozi", neno la kumdhihaki mtoto, naye atakana. Tuseme nusu ya wenye tatizo, wabebaji kwa wasiobeba, wamekana na kuandikwa miongoni mwa wazima. Wenye tatizo sasa ni wabebaji 30 na wasiobeba 20. "Wazima" ni 70 na 80. Uwiano unashuka hadi (30 × 80) ÷ (20 × 70) = 1.71. Kanuni za hisabati hazikuvunjwa. Neno ndilo lililokosewa.

Afadhali kuuliza: "Mama, katika wiki nne zilizopita, je, mkojo umewahi kukutoka bila kutaka, labda ulipokohoa, ulipocheka au ulipoinua mtungi?" Swali hili hueleza tukio na muda, wala halimbandiki mtu jina. Tafsida nayo ina mipaka: "kushindwa kuzuia haja" huweza kueleweka kuwa haja kubwa. Isitoshe, wakazi huzungumza pia Kinubi, Dholuo, Kiluhya, Gikuyu na Sheng. Hivyo hojaji sharti ijaribiwe kwao kwanza.

Kwa kuhitimisha, tatizo hili mara nyingi hupata nafuu, hata kwa mazoezi ya misuli ya nyonga. Lakini asiyehesabiwa hapangiwi huduma. Basi mwanaisimu asisubiri kuitwa kusahihisha tahajia. Aketi na mwanatakwimu siku hojaji inapotungwa.