Kabla Hujasema "Huyu Buibui ni Mpya"

Kila msimu wa mafunzo kwa vitendo ukiisha, makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa sayansi hujaa picha. Mmoja anaweka picha ya buibui mdogo kama punje ya mchele, mwenye madoa ambayo hajawahi kuyaona, kisha anauliza: "Jamani, huyu si spishi mpya huyu?" Wenzake wanacheka, mmoja anapendekeza apewe jina la CR wa darasa, na mjadala unafia hapo. Swali lilikuwa zuri, ila halikupata jibu. Tulijibu leo, hatua kwa hatua.

Kwanza tuelewane juu ya neno "mpya". Mpya kwa sayansi si lazima awe mpya duniani, wala mpya kwa wenyeji. Mfano mzuri tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Kule Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, kuna buibui mrukaji wa milimita chache tu anayeishi kwenye majani marefu na kwenye kuta za nyumba. Watu wamemfagia miaka nenda, miaka rudi. Lakini hakuwa na jina la kisayansi hadi mwaka 2003, Wanda Wesołowska wa Poland na Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, walipochapisha maelezo yake na kumwita Evarcha culicivora. Neno hilo la pili, kwa Kilatini, ni sawa na kusema "mla mbu". Kwa hiyo spishi mpya ni ile ambayo bado haijaelezwa kwa kufuata kanuni. Kuthibitisha hilo ndiyo kazi yenyewe.

Hatua ya kwanza ni kujua familia. Usianze na rangi, anza na macho. Buibui wengi wana macho manane, na mpangilio wake hutofautiana familia hadi familia. Ukiona mawili ya mbele katikati ni makubwa kama taa za gari, na mnyama anarukia windo badala ya kulitegea utando, hapo uko kwenye familia ya Salticidae, yaani warukaji. Usishangilie mapema, maana familia hiyo peke yake ina spishi zaidi ya 6,000. Katalogi ya Buibui Duniani, inayotunzwa na makumbusho ya Bern, Uswisi, ilifikisha spishi 50,000 mwaka 2022.

Hatua ya pili ni kuuliza kama amekomaa. Hapa ndipo picha nyingi za simu zinapodisko. Buibui mtoto mara nyingi hatambuliki hadi kiwango cha spishi, hata awe mzuri vipi. Rangi nayo haiaminiki. Dume na jike wa spishi moja wanaweza kuonekana kama wageni kwa kila mmoja, umri hubadilisha madoa, na spiriti ya kuhifadhia huyafifisha. Wataalamu huangalia viungo vya uzazi. Dume aliyekomaa ana vipapasio viwili mbele ya uso vilivyovimba nchani, kama amevaa glavu za ndondi. Ndivyo anavyotumia kupitisha mbegu. Jike ana kibamba kigumu chini ya tumbo, penye matundu ya kupokelea mbegu hizo. Kwa kawaida maumbo haya hutofautiana spishi na spishi, na ndiyo maana huchorwa kwa uangalifu chini ya hadubini, kila pembe na kila mkunjo.

Hatua ya tatu ndiyo inayochosha: kulinganisha. Ukishajua jenasi, unasoma maelezo ya kila spishi iliyomo, yakiwemo ya karne ya 19 yaliyoandikwa kwa Kilatini, Kijerumani au Kifaransa. Huwezi kuruka ya zamani, kwa sababu jina la kwanza kuchapishwa kihalali ndilo lenye haki. Majina ya wanyama yanahesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1758, lakini buibui wamepewa upendeleo: kitabu cha Msweden Carl Clerck, kilichotoka 1757, kinakubaliwa pia. Na maandishi pekee hayatoshi, yabidi uone sampuli zenyewe. Nyingi zilizokusanywa kwetu wakati wa ukoloni ziko London, Berlin na Tervuren, Ubelgiji. Mwanafunzi wa Morogoro au Kisumu anaweza kulazimika kuandika Ulaya kuomba picha ya buibui aliyeokotwa kijiji cha jirani. Tukitaka watakaotufuata wasipite njia hiyo, tuanze kutunza za kwetu vizuri.

Hatua ya nne ni kuandika. Maelezo kamili yana vipimo, michoro, na aya inayosema wazi spishi hii inatofautianaje na ndugu zake wa karibu. Vinasaba husaidia, hasa kuunganisha dume na jike wasiofanana, ila havichukui nafasi ya maelezo. Halafu unateua sampuli moja iwe holotaipu, yaani ile inayobeba jina milele. Tangu mwaka 2000 kanuni za kimataifa zinadai holotaipu itajwe waziwazi, pamoja na mahali inapotunzwa. Siku yoyote ukizuka ubishi, hiyo ndiyo shahidi. Kuhusu jina, hakuna kanuni inayokukataza kujipa heshima mwenyewe, lakini miongoni mwa wataalamu hilo ni aibu. CR wenu anaruhusiwa, mradi amechangia kitu.

Na yote haya yanategemea kikaratasi kidogo ndani ya chupa. Kiandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti: mahali, vipimo vya GPS, mwinuko, tarehe, mazingira aliyookotwa, na jina la aliyemwokota. Sampuli bila lebo ni buibui mfu tu. Kibali cha utafiti nacho kipatikane mapema, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya. Usikusanye kwanza ukaomba baadaye.

Kuna atakayeuliza, taabu yote hii ya nini kwa mdudu wa milimita tano? Turudi Mbita. Jina lilipopatikana, maarifa yalipata pa kukaa. Mwaka 2005 ilichapishwa kwamba buibui huyu huchagua mbu jike waliokwisha kunyonya damu. Mwaka 2006 ikaonekana anapendelea Anopheles, jenasi ya mbu wanaoeneza malaria. Mwaka 2011 ikaonyeshwa kwamba huvutwa na harufu ya binadamu, na soksi zilizovaliwa ndizo zilizotumika kumjaribu. Hakuna anayesema atamaliza malaria, na chandarua kibaki palepale. Lakini kila mtafiti aliyefuata alijua anazungumzia mnyama yuleyule. Bila jina, matokeo hayo yangekuwa hadithi za "kabuibui fulani ka ukutani".

Nyumba zinabadilika na misitu ya milima yetu inakatwa. Spishi isiyo na jina kwa kawaida haiingii kwenye orodha za viumbe wa kulindwa, na ikitoweka hakuna atakayejua kwamba ilikuwepo. Basi ukienda mafunzo kwa vitendo ukiwa na kibali, beba chupa tano, spiriti ya asilimia 70 hadi 80, na penseli. Tafuta waliokomaa, dume na jike, andika lebo papo hapo, kisha uzipeleke kwenye hifadhi ya sampuli ya idara au makumbusho. Huenda utaambiwa anajulikana tangu 1890. Hata hivyo utakuwa umeweka ushahidi kwamba mwaka huu, mahali hapo, bado alikuwepo.