Manati Yako Hukosa Upande Gani?

Mpunga ukianza kutia maziwa katika mabonde ya Petta, huku Tororo, hakuna anayelala hadi jua litoke. Mnana wanakuja, kwelea wanakuja, na kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege elfu kumi, basi, ni gunia la kilo 100 kila siku. Ndiyo maana kila shamba lina mtu wa kuamia ndege, na shingoni mwa mwamiaji kuna manati.

Nimewaona wengi, wakubwa kwa wadogo, wakirusha mawe ishirini bila kugusa chochote, kisha wanasema, "Mimi sina jicho." Sikubaliani nao. Mara nyingi jicho halina kosa lolote. Kosa limeandikwa pale jiwe lilipopiga, ila hatujafundishwa kulisoma.

1. Tundika gunia kwanza

Ukimrushia ndege ukamkosa, hujui umekosaje. Ndege karuka, na jiwe limepotelea majanini. Tundika gunia kuukuu kwenye kamba, liwe huru chini ili limeze nguvu ya jiwe. Bandika karatasi, chora duara la ukubwa wa mdomo wa kikombe, rudi nyuma hatua saba. Rusha mara 10 ukilenga palepale, bila kujirekebisha katikati. Hapo ndipo wengi hushindwa: jiwe la kwanza likienda kushoto, la pili wanalenga kulia, na mwisho hawajui lipi ni kosa lao na lipi ni dawa yao.

Walimu wa bastola hufanya hivyohivyo. Hawahukumu risasi moja, huhukumu kundi. Alama zikibanana pamoja lakini pembeni mwa duara, mkono wako ni mwaminifu. Kilichopotoka ni chombo, mahali unapolenga, au tabia moja unayoirudia kila mara. Zikitapakaa kama kuku waliotupiwa wimbi, basi kila mara unafanya jambo jipya, na hakuna haja ya kugusa manati mpaka utulie wewe.

2. Achana na kokoto za kuokota

Kokoto moja bapa, nyingine ya mviringo, moja nzito, nyingine nyepesi: utajuaje kosa ni la nani? Chimba udongo wa kichuguu, ukande vizuri, uviringe vidonge vya ukubwa wa gololi, uvianike kivulini kwanza, kisha juani. Kuviviringa ni kazi ya jioni moja na watoto wataipenda. Tena kidonge kikianguka majini huyeyuka, wala hakibaki jiwe la kuvunja jino la mtu kwenye wali.

3. Kundi likienda kushoto au kulia, geuza panda

Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakidanganyi. Rusha 10, tazama kundi. Kisha izungushe panda ili mkono wake wa kushoto uwe kulia, urushe tena 10. Kundi likihamia upande wa pili, kosa ni la mpira: kipande kimoja ni kifupi, kipana au kimechoka kuliko mwenzake. Kundi likibaki palepale, kosa ni la mkono wako: unapindisha panda, au unaachia huku vidole vikienda pembeni. Kama mipira imefungwa kwa namna isiyoruhusu kuzungusha, ifungue uibadilishe pande.

4. Likienda juu na chini, tazama unapovutia

Leo unavuta hadi kidevuni, kesho hadi sikioni. Mpira uliovutwa kidogo hutoa jiwe la polepole, na jiwe la polepole huanguka mapema. Chagua mahali pamoja usoni, kwenye pembe ya mdomo au mfupa wa shavu, na kila mara kidole gumba kiguse hapohapo.

Ujue pia kwamba jiwe halisafiri kwa mstari ulionyooka. Likienda mita 40 kwa sekunde, kwenye umbali wa mita 10 limeshaanguka kama sentimita 30. Kwenye mita 20 huanguka zaidi ya mita moja. Umbali umeongezeka mara mbili, mwanguko mara nne. Kwa hiyo anayepiga kopo vizuri karibu na nyumba na kukosa kabisa upande wa pili wa bonde hajapoteza ujuzi. Alenge juu zaidi.

5. Mpira ndio moyo wa manati

Watu wa mpakani tuna deni kwa baiskeli. Boda boda ilizaliwa huku: miaka ya 1960 waendesha baiskeli wa Busia walikuwa wakivusha abiria na mizigo kati ya Kenya na Uganda, wakiita "boda, boda" mpaka jina likaganda. Tyubu ilipotobokatoboka hadi kiraka hakishiki, ilianza maisha ya pili mikononi mwa watoto. Kwa kweli manati si chombo cha mababu kama wengi wanavyodhani. Cha mababu ni kombeo la kamba. Manati ilisubiri mpira uliopikwa ukawa mgumu na wa kunyumbuka, ambao Charles Goodyear wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1844. Tairi ya upepo ya Dunlop ilifuata mwaka 1888.

Tatizo la leo ni kwamba tyubu nyingi ni za butili, mpira ulioenea kwa sababu hauvujishi hewa. Kwa baiskeli ni sifa njema. Kwa manati ni udhaifu, kwa kuwa hurudi polepole. Mpira wa asili hurudi kwa kishindo. Ukienda kwa fundi, omba vipande viwili tofauti, vivute, uachie, utazame kipi kinarejea kwenye urefu wake mara moja. Hicho ndicho chako.

Kata vipande vyote viwili kutoka tyubu moja, ubavu kwa ubavu, urefu mmoja na upana mmoja. Pima kwa rula, usikadirie. Usiache manati juani, maana jua huukausha na kuupasua mpira. Ukiona ufa karibu na fundo, badilisha siku hiyohiyo, kwa sababu mpira ukikatika wakati umevutwa hurudi usoni.

6. Lijue jicho lako kuu

Ukiwa mahali mwamba wa Tororo unapoonekana, ufunike kwa kidole gumba, mkono umenyooka, macho yote wazi. Fumba jicho moja. Kidole kikibaki juu ya mwamba, jicho lililo wazi ndilo kuu. Kikiruka pembeni, kuu ni lile lingine. Vutia upande wa jicho hilo, hata ikibidi kubadilisha mkono.

7. Mkono unaoshtuka

Anayeanza bastola huogopa mlio, na mkono huinama kabla risasi haijatoka. Mwalimu humkamata kwa kuchanganya risasi bandia na za kweli: bastola isipolia na mtutu ukainama, siri imefichuka. Kwenye manati mbinu hiyo haifai, kwa kuwa kuachia bila jiwe kutakupiga vidole. Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu, utazame polepole. Utaona panda ikishuka au ikipinda kabla jiwe halijatoka. Dawa yake ni kubaki vilevile, mkono juu, mpaka usikie jiwe likigonga gunia.

Wengi mliiona picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki katika Olimpiki ya Paris 2024, mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida usoni. Yeye na Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha ya bastola ya hewa. Duara la alama 10 katika mchezo huo lina kipenyo cha milimita 11.5, nao husimama umbali wa mita 10. Tazameni utulivu wa bega lake.

8. Jiwe likigonga panda, acha kabisa

Usijaribu tena "kuona kama litarudia". Kagua kama jiwe lilikaa katikati ya ngozi inayolibeba na kama ngozi ilipinda ulipovuta.

9. Kabla ya kuvuta, tazama nyuma ya shabaha

Nyuma kuna njia? Ng'ombe? Mtoto mwingine anayeamia shamba la jirani? Basi usivute. Jicho likitoboka halina kiraka, kwa hiyo vaa miwani, hata ya kuendeshea pikipiki. Na katika mabonde hayahaya hutembea korongo mwenye taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda, aliyetajwa tangu mwaka 2012 kuwa katika hatari ya kutoweka duniani. Ili kumfukuza mnana, inatosha kupiga majani karibu naye. Korongo, nakusihi, usimrushie hata kidonge cha udongo.