Ng'ombe wa Maziwa Anapopungukiwa na Sukari Mwilini

Mkulima, yafaa ulijue jambo hili: katika kila lita 20 za maziwa unazokama mna karibu kilo moja ya sukari. Si sukari ya miwa, bali ni sukari ya maziwa, nayo hutoka katika mwili wa ng'ombe. Basi ng'ombe wa gredi atoaye lita 20 kwa siku, kwa siku mbili tu hutoa sukari ipatayo pakiti ya kilo mbili. Asipokula vya kutosha kuirudisha, huugua. Ugonjwa huo huitwa ketosisi, nao ndio somo letu la mwezi huu.

Jinsi unavyoanza

Ng'ombe hapati sukari yake kama mtu. Majani na unga anaokula huvunjwa kwanza na vijidudu vilivyomo katika tumbo lake kubwa, vikawa asidi. Kisha ini huichukua asidi mojawapo na kutengeneza sukari ya damu.

Baada ya kuzaa, maziwa huongezeka upesi kuliko hamu ya kula. Ng'ombe huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake. Mafuta mengi yakifika katika ini kwa pamoja, ini hulemewa na kutoa vitu viitwavyo ketoni. Hivyo huingia katika damu, mkojo, maziwa na pumzi, na hamu ya kula huzidi kupungua. Kadiri asivyokula, ndivyo mafuta yanavyozidi kuyeyuka.

Mtu mwenye ugonjwa wa kisukari naye aweza kuwa na ketoni. Lakini tofauti ni hii: yule mtu sukari imejaa katika damu na mwili hauwezi kuitumia, ng'ombe huyu sukari imepungua.

Dalili zake

Ugonjwa huu huja zaidi katika majuma sita ya kwanza baada ya kuzaa, na huwapata hasa ng'ombe wenye maziwa mengi. Tazama haya:

1. Hukataa unga kwanza, lakini huendelea kula nyasi kavu.
2. Maziwa hupungua na mwili hukonda upesi.
3. Kinyesi huwa kikavu na kigumu.
4. Pumzi au maziwa huwa na harufu tamu, kama ya matunda yaliyoiva mno. Lakini si kila mtu aweza kuisikia harufu hiyo, kwa hiyo usiitegemee peke yake.
5. Wengine hulamba-lamba vitu, huzunguka, au husukuma ukuta kwa kichwa.

Ukimwona ng'ombe wa namna hii ya tano, usitie mkono kinywani mwake. Kichaa cha mbwa chaweza kuonekana hivyo hivyo. Mwite daktari wa mifugo kwanza.

Duka la dawa huuza vijikaratasi vya kupima ketoni katika mkojo, vile watumiavyo watu wenye kisukari. Hivyo vyafaa hata kwa ng'ombe.

Usichanganye na magonjwa mengine

Mpime joto. Ng'ombe mwenye ketosisi peke yake kwa kawaida hana homa. Akiwa na joto kali na matezi yaliyovimba chini ya masikio, huenda ni ndigana kali, iletwayo na kupe. Akianguka na kushindwa kusimama katika siku tatu za kwanza baada ya kuzaa, masikio yakiwa baridi, huenda ni homa ya maziwa. Hiyo yaweza kumwua kwa saa chache. Mwite daktari mara moja.

Kumtunza nyumbani

Wako wanaofikiri kwamba dawa ni kumnywesha sukari ya chai. Hawafanyi vema. Vijidudu vya tumboni huila sukari hiyo kabla haijafika katika damu, na ikiwa nyingi humletea asidi ya tumbo na kumzidishia ugonjwa.

Dawa ya kunywesha ni propilini glaikoli, mililita 300 mara moja kwa siku, kwa siku tatu hadi tano. Inunue katika duka la dawa za mifugo. Usitumie kamwe dawa itiwayo katika rejeta ya gari; hiyo yaweza kuwa sumu. Unapomnywesha, usikiinue kichwa juu sana wala usiuvute ulimi. Mimina polepole, mwache ameze. Dawa ikiingia katika mapafu, ng'ombe aweza kufa. Ng'ombe aliyelala asiyeweza kumeza usimnyweshe kitu.

Mpe majani yaliyo bora na maji safi wakati wote. Unga mrudishie kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Ng'ombe aliyeacha kula kabisa, au asiyepata nafuu kwa siku mbili, ni wa daktari. Yeye atamtia sukari katika mshipa, na ataangalia kama kuna ugonjwa mwingine uliomfanya asile. Muulize pia kama maziwa yafaa kuuzwa baada ya dawa alizompa.

Kuzuia ni bora

Ketosisi huzuiwa kabla ndama hajazaliwa. Mkaushe ng'ombe siku 60 kabla ya kuzaa. Asiwe mnene mno wakati huo, kwa maana mnene ndiye hula kidogo baada ya kuzaa. Mbavu zake uweze kuzigusa kwa mkono, lakini zisionekane zote. Katika majuma matatu ya mwisho, anza kumpa unga nusu kilo kwa siku, ukiongeza taratibu hata kilo mbili, ili tumbo lizoee. Baada ya kuzaa, ongeza polepole maziwa yanapoongezeka. Majani ya matete yakate yakiwa na urefu wa karibu mita moja. Yakikomaa mno hayana nguvu.

Pima maziwa ya kila ng'ombe kila siku na kuyaandika katika daftari. Ng'ombe akipungua lita tatu leo, daftari litakuambia leo, kabla hujaziona mbavu zake, na kabla malipo ya mwisho wa mwezi ya chama cha ushirika hayajapungua.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini sukari ya chai haiponyi ketosisi?
2. Ng'ombe mwenye ketosisi hukataa chakula gani kwanza?
3. Ni ng'ombe yupi asiyefaa kunyweshwa dawa?
4. Kati ya ng'ombe wako, ni yupi atakayezaa kwanza, na umemkausha lini?